Kamera ya rivasi isiyo na waya kwenye motahomu: umeme wa nyuma kwanza, halafu maji

Dar es Salaam nilikokulia, gari kubwa likirudi nyuma utingo hushuka. Anasimama pembeni ya bampa, anapiga bodi kwa kiganja: rudi, rudi, kata kulia, nyoosha, rudi. Akipiga mara mbili za haraka, dereva anakanyaga breki kwanza, maswali baadaye. Huku Ohio utingo sina. Nina mama watoto, ambaye hataki kupiga kelele mbele ya watu kambini, na nina motahomu, yaani gari lenye nyumba ndani yake, ya mtumba ya futi 29, bodi ya fibaglasi juu ya chesisi ya Ford E-450. Kioo cha katikati kinanionyesha friji na pazia la chooni, basi.

Marekani, tangu 1 Mei 2018 kila gari jipya dogo lazima litoke kiwandani na kamera ya nyuma. Lakini sheria hiyo inaishia kwenye magari ya uzito wa jumla usiozidi pauni 10,000, kama kilo 4,536. E-450 inapita pauni 14,000. Gari ambalo kweli halioni nyuma ndilo lililoachwa nje ya sheria. Kwa hiyo tunajifungia wenyewe.

Seti nafuu ya kamera na skrini inapatikana chini ya dola 100, na ukiwa na drili, testa na ngazi imara, kazi inakwisha Jumamosi moja. Mimi nimefunga mara tatu: yangu mara mbili, maana ya kwanza niliikosea, na ya rafiki mmoja. Ninachoandika hapa kinatoka kwenye makosa ya ile ya kwanza zaidi ya kitu kingine.

Ni nini hasa hakina waya

Kinachosafiri hewani ni picha tu. Kamera yenyewe inakula umeme kama taa, na umeme huo lazima uifikie kwa waya kule juu nyuma ilipo. Skrini nayo mbele inataka wake. Unachookoa ni kebo ya picha, ile ambayo ingepita chini ya sakafu au darini futi 30 hadi kwenye dashibodi. Si kitu kidogo, kwa sababu kuipitisha hiyo kebo ndiko kunakowakatisha watu tamaa. Ila anayenunua akidhani atabandika kamera kwa gundi na kwenda zake, atalirudisha boksi dukani.

Kwa hiyo kabla ya kununua, jiulize swali moja: nyuma ya gari langu, juu, umeme upo wapi? Jibu karibu kila motahomu inalo tayari, na nitalifikia.

Kuchagua seti

Zipo za aina tatu sokoni. Za analogi ndizo za bei ya chini kabisa, na ndizo zenye vituko. Yangu ya kwanza ilikuwa hiyo. Siku moja barabara kuu, lori la mizigo likanipita, na skrini yangu ikaonyesha bampa nisiyoijua na barabara inayokwenda upande mwingine. Nilikuwa natazama nyuma ya gari la mtu. Kamera hizo hazina kufuli baina yake na skrini. Yeyote aliye karibu kwenye masafa yaleyale mnachanganyikana.

Za pili zinatumia Wi-Fi na simu yako ndiyo skrini. Zinafaa kwa mtu anayetaka kuunganisha trela akiwa ametulia. Kwa kurudisha gari la futi 29 sizishauri. Simu ikishajiunga na kamera mara nyingi ramani yako inakatika, na picha inachelewa. Kuchelewa nusu sekunde si kitu ukiwa unaangalia mpira, lakini gari likirudi kwa kilomita 5 kwa saa, nusu sekunde ni sentimita 70. Hizo ndizo sentimita zilizobaki kati yako na nguzo.

Nunua za tatu, za dijitali zinazooanishwa na skrini yake. Nazo zinatumia gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya Wi-Fi na maikrowevu, lakini zinarukaruka kati ya njia na zinatambuana zenyewe kwa zenyewe. Angalia mambo matatu kwenye boksi. Kwanza kinga ya maji: IP67 ina maana inavumilia kuzamishwa hadi mita moja kwa nusu saa, na IP69K inavumilia maji ya moto yenye presha ya mashine ya kuoshea magari. Chini ya IP67 usichukue. Pili, skrini ya inchi 5 hadi 7. Chini ya hapo utakuwa unakodoa macho. Tatu, volti. Motahomu za huku ni volti 12, lakini kama unanunua ili umpelekee ndugu nyumbani mwenye Fuso au Coaster ya dizeli, magari hayo mengi yana betri mbili mfululizo, volti 24, na kamera ya volti 12 peke yake itaungua siku hiyohiyo. Tafuta iliyoandikwa 12–24.

Umbali ulioandikwa kwenye boksi, futi mia kadhaa, usiuhesabu. Huo umepimwa uwanjani pasipo na kitu katikati. Wewe katikati una friji, jiko, tangi la maji na pengine ukuta wa alumini.

Jaribu kabla ya kutoboa chochote

Hatua hii watu wanairuka, halafu wanabaki na tundu ukutani na skrini inayokwaruza.

Nunua kishikio cha betri nane ndogo za AA. Nane mara volti 1.5 ni 12, zinatosha kuiwasha kamera kwa saa moja hivi. Unganisha nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, kisha ibandike kamera kwa solotepu pale juu nyuma unapotaka ikae. Skrini ichomeke kwenye tundu la kuwashia sigara mbele. Washa injini. Funga milango yote. Washa maikrowevu kama gari limechomekwa umeme wa nje. Washa Wi-Fi ya gari kama unayo. Halafu kaa kwenye kiti cha dereva dakika kumi ukiangalia.

Fibaglasi inapitisha mawimbi vizuri. Alumini inayazuia. Kama bodi yako ni ya alumini na picha inaganda, sogeza skrini kwanza: ishushe chini ya kioo cha mbele, ipeleke kulia, ipeleke kushoto. Antena ya kamera ielekee juu wima, na ya skrini vivyo hivyo. Ya rafiki yangu ilikuwa inaganda kila dakika. Tulipoitoa antena nyuma ya kipande cha chuma cha ngazi ya paa, ikatulia. Kama imegoma kabisa, rudisha seti ukachukue yenye antena ya kurefusha kwa kebo. Bado hujatoboa kitu, hujapoteza kitu.

Umeme: taa nyekundu ya katikati

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchukua umeme kwenye taa ya rivasi. Inaonekana ndiyo njia ya akili: ukiingiza rivasi kamera inawaka, ukitoa inazima. Lakini kamera ya dijitali inahitaji sekunde kadhaa kuamka na kuitafuta skrini yake. Mimi nikiingiza rivasi nakuta skrini nyeusi, nasubiri, nyuma yangu watu wanasubiri, nakosa subira, naanza kurudi bila kuona. Isitoshe taa za rivasi ziko chini kwenye bampa na kamera iko juu karibu na paa, kwa hiyo ilibidi waya upande ukuta mzima kwa nje ndani ya mfereji wa plastiki. Ulikuwa unatisha kuutazama.

Sasa angalia nyuma ya motahomu yako, juu kabisa. Gari lolote Marekani lenye upana wa inchi 80 au zaidi linatakiwa kuwa na taa nyekundu za alama huko juu: tatu katikati zilizokaribiana na moja kila pembe. Ile ya katikati kabisa ndiyo rafiki yako. Umeme umefika hapo tayari, tundu la waya lipo tayari ukutani, na iko palepale ambapo kamera inapendeza kukaa.

Gharama yake ni hii: kamera itawaka tu taa ndogo za gari zikiwashwa. Mimi nawasha taa mchana na usiku nikiwa barabarani, kwa hiyo kwangu ni faida, naona nyuma safari nzima. Ukitaka kamera ijitegemee, itabidi uvute waya kutoka kwenye betri ya nyumba, ile inayolisha vitu vya ndani na si injini, kupitia swichi, kwa ndani ya makabati. Ni kazi nzuri lakini ni ya Jumamosi ya pili.

Sasa fanya hivi. Gari liwe mahali tambarare, hendibreki juu, kabari kwenye magurudumu. Chomoa umeme wa nje. Mtu ashike ngazi. Usiegemeze ngazi kwenye ukuta wa fibaglasi bila kitambaa. Toa kifuniko cha taa, fungua skrubu mbili, vuta taa taratibu. Utakuta waya mbili. Usiamini rangi zake, kwa sababu kila kiwanda kina mapenzi yake, na mwenye gari aliyekutangulia naye alikuwa na yake. Mtu awashe taa za gari, wewe upime kwa testa ujue moto (chanya) ni upi na ethi (hasi) ni ipi. Injini ikiwa inaunguruma utasoma kati ya volti 13 na 14 na kidogo. Ukisoma 10 au 11, ethi ni mbovu au kuna kutu mahali. Irekebishe kwanza, maana kamera itakuja kuzimazima na utailaumu bure.

Ukishajua, zima taa na chomoa nguzo hasi ya betri ya injini. Unganisha moto wa kamera kwenye moto wa taa kupitia kishikio cha fyuzi ya ampea 1 au 2, na ethi kwa ethi. Kamera hizi hula chini ya nusu ampea, kwa hiyo waya wa taa hautalemewa. Tumia viungio vya kubana kwa koleo vyenye mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota waya na kuzungushia tepu ni mtindo wa gereji za haraka. Kule juu patapata mvua, jua na baridi ya chini ya sifuri, na tepu itajifungua kabla ya mwaka kwisha.

Kabla ya kurudisha chochote, rudisha nguzo ya betri, washa taa, hakikisha kamera inawaka. Kisha zima tena.

Tundu ndilo adui

Hapa ndipo ningeomba usiwe na haraka. Motahomu haifi kwa injini. Inakufa kwa maji yanayoingia ukutani tone kwa tone. Kuta nyingi za fibaglasi ni ngozi nyembamba iliyogandishwa kwenye plaiwudi ya milimita chache, na ndani yake povu. Maji yakifika kwenye ile plaiwudi inaoza, ngozi inaachia, na ukuta unatuna kama chapati kwenye kikaango. Kutengeneza ukuta huo kunazidi bei ya kamera mara nyingi sana.

Kwa hiyo usitoboe tundu jipya la waya kama lipo la taa. Waya wa kamera uingie nyuma ya taa kupitia kijipengo ukikate kwenye ukingo wa chini wa kitako cha taa. Kama huna budi kutoboa, keekee iinamishe ili tundu lipande kidogo kuelekea ndani. Maji yakifika yateremke yatoke nje. Weka mpira wa kupitishia waya. Na waya wenyewe uuache uning'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia, ili tone la mvua lifuate waya, lifike chini pale, lidondoke.

Kwangua gundi yote ya zamani kwa kipande cha plastiki, usitumie bisibisi itakwaruza. Futa kwa spiriti. Nyuma ya kitako cha kamera bandika utepe wa butili, ule mweusi au kijivu unaonata kama ubani, kisha skrubu fupi za chuma kisichoshika kutu. Usikaze kwa hasira. Kwenye ukuta mwembamba skrubu inazunguka bure na umeshaharibu. Butili ikitokeza kidogo pembeni umefika. Kata iliyozidi.

Juu yake pitisha gundi ya kuziba ya motahomu. Silikoni ya bafuni iache: ikizeeka inaachia, na mabaki yake hayakubali gundi nyingine kushika, kwa hiyo atakayekuja kutengeneza atakutukana. Taa unaporudisha, ziba juu na pande mbili, chini acha wazi. Maji yakijipenyeza yapate pa kutokea.

Kamera iinamishe mpaka ukingo wa bampa yako uonekane chini kabisa ya picha. Watu wanapenda ioneshe mbali, hadi upeo wa macho, kama sinema. Unachogonga kiko karibu.

Skrini mbele

Hii ni nyepesi. Tundu la kuwashia sigara linatosha kuanzia. Ukitaka usafi, chukua umeme kwenye sanduku la fyuzi kwa kichomekeo kinachoongeza fyuzi, ukichagua ile inayokufa ufunguo ukizimwa. Pima kwa testa. Waya upite chini ya dashibodi, mbali na pedali, na usiupitishe mbele ya nguzo yenye mfuko wa hewa. Kishikio cha kunyonya kioo kitaanguka siku ya joto kali, na baadhi ya majimbo hayataki kitu kwenye kioo cha mbele. Kibandike juu ya dashibodi, karibu na mstari wa jicho unaokwenda kwenye kioo cha pembeni cha kushoto, maana utakuwa unatazama hivyo viwili kwa zamu.

Oanisha kwa kufuata karatasi iliyomo. Kisha geuza picha. Jaribio lake ni rahisi: mtu asimame nyuma ashike karatasi yenye maandishi makubwa. Kwenye skrini maandishi yakisomeka kinyumenyume, kama kwenye kioo, ndivyo inavyotakiwa. Yakisomeka sawasawa, kulia kwako kutaonekana kushoto, na utakata usukani kuelekea mti. Mpangilio huo uko kwenye menyu, au kuna kijiwaya kilichopinda kama kitanzi kwenye kebo ya kamera ambacho karatasi itakuambia ukikate.

Mistari ya rangi ni ya gari dogo

Ile mistari ya kijani, njano na nyekundu ilichorwa kwa kamera iliyo usawa wa namba ya gari dogo. Yako iko karibu mita tatu juu. Nyekundu yake inaweza kuwa mita moja, inaweza kuwa tatu. Nilipima yangu kwa ndoo. Niliweka ndoo ya kwanza mita 1 kutoka kwenye bampa, ya pili mita 2, ya tatu mita 4, nikaenda kukaa kwenye usukani. Ndoo ya mita 2 ilikuwa ndani ya kijani kabisa, rangi ya salama! Nikaizima mistari yao kwenye menyu, nikakata vipande vyembamba vya tepu ya umeme nikavibandika kwenye kioo cha skrini pale kila ndoo ilipoonekana. Havipendezi. Mpaka leo sijavitoa.

Wakati uko hapo na ndoo, fanya jaribio la pili. Egesha sambamba na ukuta, mita moja hivi kutoka ukutani, kata usukani wote upande wa kuuacha ukuta, sogea mbele polepole, mtu akiangalia pembe ya nyuma. Sehemu ya bodi iliyo nyuma ya ekseli ni ndefu, na unapokata kulia, mkia unafagia kushoto. Kamera ya nyuma haioni hilo hata kidogo. Haioni pia tawi la mti lililoinama juu ya paa. Mkwaruzo nilionao ubavuni niliupata kwenye pampu ya mafuta nikienda mbele, kamera ikiwaka vizuri kabisa, picha safi.

Ndiyo maana bado mama watoto anashuka. Tumekubaliana hapigi kelele. Anasimama pembe ya kushoto ninapomwona kwenye kioo, mkono juu maana yake njoo, mkono chini simama. Nisipomwona kwenye kioo, nasimama. Skrini inanionyesha katikati, yeye ananionyesha pembe na juu.

Baada ya hapo ni matunzo madogo. Lenzi inashika vumbi la barabara, na wakati wa baridi chumvi. Nina kitambaa laini kilichofungwa kwenye mti wa ufagio, naifuta kabla ya kuondoka. Fyuzi mbili za akiba ziko kwenye droo ya vijiko. Na mvua kubwa ya kwanza ikinyesha baada ya kufunga, usilale. Fungua kabati la juu nyuma, upande wa ndani wa ile taa ya katikati, pitisha kiganja kwenye dari na pembeni. Rudia asubuhi. Pakiwa pakavu, funga kabati. Pakiwa na ubaridi wa unyevu, hata kidogo, toa taa siku hiyohiyo, kausha na uzibe upya.